Damu Haioshwi kwa Maji

Damu haioshwi kwa maji. Katika maabara ile ya hospitali hapakuwa na mtu asiyeijua kanuni hiyo, kuanzia mtaalamu hadi mfagiaji ambaye hakuwahi kugusa neli ya kupimia damu. Damu huoshwa kwa maji ya chumvi, gramu tisa katika lita moja, zilizopimwa kwa mizani na si kwa kiganja. Kanuni hiyo ilikuwa na mkia wake, nao ulijulikana vilevile: aliyepasua damu kwa uzembe atatoa damu yake. Haikuwa sheria ya hospitali. Ilikuwa sheria ya chumba, na aliyeiweka ni mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo aliyepewa na wadogo zake wa kazi jina la Mama Mizani. Hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake, ingawa yeye alilijua na wala hakulichukia.

Alikuwa na namna yake ya kuwapokea wageni wa kazi. Alichukua yai bichi, akalilaza katika siki mpaka ganda lote likaliwa, yai likabaki limefumbatwa na utando wake mwembamba tu. Kisha alilitia katika bilauri ya maji matupu. Kesho yake yai lilikuwa limejaa na kukaza kama puto.

"Nani ameyatia maji humu ndani?" huuliza.

"Yameingia yenyewe, Mama."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo wengi walipotazama viatu vyao. Naye huwaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba utando ni mlango wenye bawabu: maji hupita, lakini vitu vilivyoyeyuka ndani ya yai havipiti. Kwa hiyo maji huondoka upande wenye vitu vichache na kwenda upande wenye vitu vingi, kana kwamba yameitwa kusawazisha. Huko ndiko kuitwako osmosisi. Yataendelea kuingia mpaka msukumo wa ndani utoshe kuyazuia. Na kiasi hicho cha msukumo kinachotosha kuyazuia ndicho kanieneo ya osmosisi.

"Utando wa yai huvumilia," humalizia. "Chembe nyekundu ya damu haina uvumilivu huo. Ukiitia katika maji matupu itameza, itavimba, itapasuka. Maji hayana ubaya wowote. Yamefuata njia yao. Ubaya ni wa aliyeyatia."

Ndipo hulichoma yai kwa pini, na maji huruka yakamlowesha aliyesimama karibu zaidi.

Mmoja wa waliolowa ni fundi wa zamu ya mchana, mwanamume mwenye mke na watoto, mwembamba, mwenye mikono mirefu isiyojua haraka. Kwa ajili hiyo walimwita "Taratibu", naye akaitika. Alikuwa amekwisha kulipa adhabu ya chumba mara moja, mwaka wake wa kwanza, kwa kuisahau sampuli juu ya jokofu penye joto. Alilipa bila kunung'unika, ila alisema, "Sheria ni msumeno, Mama," naye Mama Mizani akamjibu, "Ndiyo sababu ninaushika kwa mpini."

Siku ile Mama Mizani alikuwa amechoka uchovu usiotibiwa na kiti. Mwenzake mmoja alikuwa katika likizo ya uzazi, mwingine amepelekwa mafunzoni, na zamu zao zote mbili zilimwangukia yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukubali kwanza na kuhesabu mzigo baadaye. Nyumbani alimwacha baba mkwe mgonjwa aliyemwamsha kila mara kuuliza kama kumekucha. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Feni ya dari ilizunguka kwa mlio wa kulalamika, ikihamisha joto kutoka pembe moja kwenda nyingine.

Asubuhi hiyo alikuwa akitengeneza chupa mpya ya maji ya chumvi, kazi ambayo hakumwachia mtu. Alikuwa na mazoea yake: hupima chumvi kwanza juu ya kipande cha karatasi, huikunja, huitia katika mfuko wa koti lake jeupe ili upepo wa feni usiipeperushe, kisha hupima maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala kitu kingine, kisha ndipo huichanganya. Lebo huiandika na kuibandika kabla ya yote, maana chupa isiyo na jina, alisema, ni mtoto asiye na kwao.

Alikuwa ameyatia maji katika chupa pale mlango ulipofunguliwa kwa kishindo na mkunga akaingia na sampuli mkononi.

"Mama, mzazi wa kitanda cha dirishani anavuja damu. Mtoto mzima, lakini mama anatuponyoka. Daktari anataka damu upesi."

Mama Mizani aliifunga chupa kwa kifuniko, akaisukuma rafuni, akaenda kwenye jokofu. Rafu ya kundi la damu lililoandikwa katika kadi ya mzazi yule ilikuwa tupu. Yalikuwa yamesalia matone ya maji ya chumvi katika chupa ya zamani; yakatumika kuhakikisha kundi la mzazi na la kaka yake, aliyekuwa ameketi nje na mama yao. Makundi yakalingana. Vipimo vya maradhi vikatoka salama. Ikabaki kulinganisha damu kwa damu, na kazi hiyo akamkabidhi Taratibu, aliyekuwa ndiyo kwanza anavaa koti lake.

Taratibu aliichukua damu ya kaka, akaiosha kwa maji ya chupa mpya, akaizungusha katika mashine. Alipoitoa neli aliinua nyusi. Chembe zinapokuwa salama hukaa chini kama punje nyekundu na maji hubaki meupe juu yake. Hapa hapakuwa na punje. Neli nzima ilikuwa nyekundu na angavu, kama kinywaji cha watoto.

Aliisogeza mbele ya kalenda ya ukutani, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia ya chumba kile: damu nzima husitiri maandishi, damu iliyopasuka huyaonyesha. Tarehe zote zilisomeka.

"Imepasuka, Mama."

"Sindano imeivuta kwa nguvu," alisema Mama Mizani bila kugeuka. "Chukua nyingine."

Kaka akachomwa tena. Damu ikapasuka tena. Taratibu alitoka mlangoni, naye kwa haraka isiyo desturi yake alisema maneno ambayo mtu wa kazi ile hapaswi kuwaambia watu walioketi kwenye benchi:

"Damu ya kaka imekataa."

Kwenye benchi lile, mkono wa kushoto, aliketi mama wa mzazi, mdogo wa umbo, kanga yake ikiwa imefungwa kiunoni kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Mkono wa kulia aliketi mavyaa wa mzazi, yaani mama wa mumewe, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno. Mume mwenyewe alikuwa safarini kikazi. Mdogo wake ndiye aliyesimama badala yake.

"Imekataa?" aliuliza mavyaa. "Ndugu wa tumbo moja? Mkwe mwenzangu, mimi sikusoma, lakini nilivyosikia, damu humkataa asiye wake."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Nimeuliza tu. Kuuliza kumeanza lini kuwa dhambi?"

"Hawa wawili nimewazaa mimi, na baba yao ni mmoja, Mungu amrehemu huko aliko."

"Nani amekataa kwamba umewazaa wewe?" alisema mavyaa, akitengeneza ushungi wake polepole. "Hilo halina ubishi."

Kaka wa mzazi alisimama. Mama yake akamvuta shati akaketi. Mama mwenyewe akatazama mikono yake kama mtu aliyeibiwa kitu mbele za watu na kuambiwa hakuwahi kuwa nacho.

"Basi chukueni ya kwetu," aliendelea mavyaa. "Mwanangu huyu hapa, shemeji yake. Damu yetu haina makuu."

Kundi la shemeji halikuhitaji kupimwa upya, kwa kuwa alikuwa mtoaji wa siku nyingi na kadi yake alikuwa nayo; lilifaa. Akachomwa. Taratibu akaiosha damu yake kwa uangalifu wa mtu abebaye yai kwenye kijiko. Neli ikatoka nyekundu na angavu. Kalenda ikasomeka.

Safari hii hakutoka kusema kitu, lakini mlango haukuwa umefungwa, na uso wake ulisema.

"Ya kwenu nayo vipi?" aliuliza mama wa mzazi kwa sauti ndogo. "Imeona makuu?"

Mavyaa alitafuta kitu katika mkoba wake, akakikosa.

Mkunga alirudi. Hakuketi. "Mama, mnafanya nini huku? Midomo yake imekuwa kama karatasi. Daktari anauliza ampe maji ya mshipa mpaka lini."

Mama Mizani aliinuka kwenye stuli yake. Ndani yake mlikuwa na hasira ya mtu aliyechoka, ambayo hutafuta pa kutua na hutua palipo karibu.

"Sampuli tatu," alimwambia Taratibu. "Tatu! Unazitikisa neli kama mtu apigaye kengele ya shule. Mimi nilikuonyesha kwa mkono wangu. Kuna mwanamke anakufa ukuta wa pili, na wewe unapasua damu ya ndugu zake kana kwamba tunacho kisima chake."

"Sikuzitikisa, Mama."

"Zimejipasua zenyewe?"

Taratibu aliirudisha neli mahali pake. Katika miaka yake yote alikuwa ameshutumiwa kwa upole, kwa kuchelewa, kwa kufikiri mno. Kushutumiwa kwa pupa lilikuwa jambo jipya kwake.

"Kanuni ya chumba unaijua," alisema Mama Mizani.

"Naijua."

"Haya. Kazi hii ikiisha, utalipa."

"Nitalipa, Mama. Mkono wangu huu hapa, haujakimbia." Alianza kukunja shati. Kisha akasita, mkunjo ukiwa kwenye kiwiko. "Lakini kwa kuwa damu yangu imekwisha kuwa ya adhabu, niruhusu nitumie tone lake sasa hivi. Niioshe mbele yako, uutazame mkono wangu."

"Fanya upesi."

Alijichoma kidole. Aliliacha tone lianguke lenyewe katika neli, akamimina maji kutoka katika chupa mpya, akaigeuza neli mara moja tu, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Hawakuhitaji hata mashine. Mbele ya macho yao wingu jekundu lililainika, likajitanda, likawa kioo. Nyuma yake kalenda ilionyesha siku zote za mwezi, na za mapumziko zikiwa zimekolezwa.

Feni ililalamika.

"Mkono wako ni mzuri," alisema Mama Mizani hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Iko wapi damu ya mzazi mwenyewe?"

"Hii hapa."

"Ioshe."

Taratibu aliiosha. Nayo ikapasuka.

"Ndugu anaweza kukataliwa," alisema Taratibu, akiyachagua maneno mojamoja. "Shemeji anaweza. Hata mimi. Lakini mtu hawezi kujikataa mwenyewe." Hakuitazama chupa. Aliigeukia mashine, akaanza kuipangusa ingawa haikuwa na uchafu, mgongo wake ukiwa upande wa mkuu wake.

Mama Mizani aliingiza mkono katika mfuko wa koti, akitafuta leso ya kujifuta jasho. Vidole vyake viligusa kipande cha karatasi kilichokunjwa, na ndani yake kitu kilichochakarika kama mchanga.

Hakukitoa mara moja.

Mtu huweza kuishi miaka mingi akidhani uadilifu wake umekwisha kupimwa, kumbe ulikuwa haujawekwa mezani. Taratibu alikuwa amempa mgongo, na aliyefanya hivyo kwa makusudi hakuwa mjinga. Ingetosha kukifungua kifuniko, kuimimina karatasi ile chupani, kutikisa, na kusema, "Jaribu tena." Fundi alikuwa amekwisha kukubali adhabu. Benchi la nje lilikuwa na lawama za kutosha, zimekwisha kugawanywa nusu kwa nusu kati ya koo mbili, na hakuna hata fungu moja lililoandikwa jina lake. Maji yenye chumvi na maji yasiyo na chumvi yana sura moja. Ulimi tu ndio ungeyatofautisha, na katika chumba kile kuonja kitu kulikatazwa.

Aliitoa karatasi, akaiweka juu ya meza.

"Geuka," alisema.

Taratibu akageuka. Aliitazama karatasi, akaitazama chupa, akaitazama lebo iliyobandikwa wima bila kasoro.

"Niliitwa kabla sijaitia," alisema Mama Mizani. "Nimewapa maji matupu mkaoshea damu. Mimi."

Ziko methali nyingi ambazo Taratibu angeweza kuzisema wakati ule, na ile ya nyani ilikuwa karibu kabisa na ulimi wake. Hakuisema hata moja. Alisema, "Nilete silinda ya kupimia?"

"Lete. Chupa hii imwage yote. Simama hapa karibu yangu uhesabu pamoja nami, maana sijiamini tena."

Wakapima upya, yeye akiisoma mizani kwa sauti na Taratibu akiitikia. Chumvi ikaingia majini, ikazunguka, ikapotea machoni. Wakaijaribu kwanza kwa tone la Taratibu. Neli ilibaki nzito, yenye ukungu mwekundu, na kalenda ikafichika nyuma yake kama nyumba nyuma ya pazia. Kisha ya mzazi: ikasitiri. Ya shemeji: ikasitiri. Kisha ya kaka. Nayo, ilipowekwa pamoja na majimaji ya damu ya dada yake, ikakaa kwa amani, haikugandana wala kupasuka.

"Inafaa," alisema Taratibu.

"Mwite. Mtoe mfuko mzima wa damu, na upesi. Hapana," akajirekebisha, "kwa mwendo wako."

Damu ya kaka ilipokwisha kupelekwa wodini, Mama Mizani alivua glavu, akanawa mikono, akatoka kwenye benchi. Hakusimama mlangoni kama watu wa ofisi wafanyavyo. Aliketi katikati yao, kati ya mama na mavyaa, pale palipokuwa pameachwa wazi kwa muda mrefu.

"Mama zangu, damu ya kijana huyu ni ya dada yake, haina kasoro. Imekwisha kuingia mshipani mwake. Ya shemeji nayo ni nzima. Hapakuwa na damu iliyokataa. Niliyekosea ni mimi."

"Umekosea nini, mwanangu?" aliuliza mama wa mzazi.

"Mmepata kuloweka maharage?"

"Kila juma."

"Maharage yakilala majini huvimba, na mengine hupasuka ngozi. Hakuna aliyeyatikisa. Maji huingia kwa kuwa ndani mna vitu vingi kuliko nje. Damu nayo ni hivyo hivyo, ila ngozi yake ni dhaifu mno. Ukiweka chumvi ya kadiri katika maji, ndani na nje hulingana, na maji hutulia. Mimi nilisahau chumvi. Hata damu yangu mwenyewe ingepasuka."

Mama wa mzazi alikaa akilipima jambo hilo. "Maharage," alisema. "Yaani mume wangu ameamshwa kaburini kwa sababu ya maharage?"

Shemeji alikohoa kuficha kicheko. Mavyaa aliufungua mkoba wake, na safari hii alikipata alichokuwa akikitafuta: leso. Akampa mkwe mwenzake.

"Mdomo nao ungetiwa chumvi ya kadiri," alisema. "Nisamehe, mkwe mwenzangu. Hofu imenitoka vibaya."

Mama wa mzazi aliipokea leso. Hakusema kwamba amesamehe, lakini hakuirudisha.

Mkunga alipita jua lilipokuwa limeegemea madirisha ya upande wa pili. Alisema damu imekoma kuvuja, na mzazi amefumbua macho akauliza kama mtoto amenyonya. Baada ya hapo benchi likawa tupu, maana wote walikwenda kusimama nje ya wodi.

Mama Mizani alirudi maabarani, akaketi katika kiti cha watoaji, akakunja mkono wa koti.

Taratibu alisimama. "Mama, umeshinda umesimama. Ngoja hata kesho."

"Wewe mwaka ule nilikungoja?"

"Mimi nilikuwa nimelala usingizi wa kutosha."

"Pima wekundu wa damu, pima shinikizo lake. Vikikataa vipimo, nitangoja. Nikikataa mimi, usinisikilize."

Vipimo havikukataa. Taratibu alifunga mpira juu ya kiwiko, akatafuta mshipa kwa kidole. Alichukua muda wake wote.

"Taratibu," alisema Mama Mizani, akitumia jina hilo kwa mara ya kwanza. "Kuhusu maneno ya asubuhi. Nilikulipisha deni lisilo lako."

"Sikuwa nimelipa bado, Mama. Tone tu."

"Tone ni damu."

Sindano ikaingia. Mfuko wa damu ulianza kujaa juu ya mizani ndogo iliyokuwa ikiyumba huku na huku, naye aliutazama kwa macho mazito, akifumba na kufumbua ngumi kama alivyowafundisha wengine. Mfuko ulipotimia, Taratibu aliichomoa sindano, akamwekea pamba, akaukunja mkono wake. Kisha alikwenda chumba cha chai, akarudi na bilauri ya maji.

Mama Mizani aliinua bilauri mbele ya kalenda. Tarehe zote zilisomeka.

"Haya ni maji gani?"

"Ya kunywa. Nimeyaonja kwanza, huko huko nje."

Aliyanywa yote bila kupumzika. Taratibu aliuandikia mfuko kundi na tarehe, akafungua jokofu, na kuuweka katika rafu.

"Imelipwa, Mama," alisema, akafunga mlango wa jokofu.